Mashine Mbili Kabatini

Mwalimu mkuu, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake cha kupigwa pasi, alituuliza sisi walimu: "Wanafunzi tuwape muda gani wa kuunda?" Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Gisenyi. Kila mmoja alitakiwa kuunda kimashine cha kujiendesha, kwa mota ya redio ya kaseti iliyoharibika, kibebe kopo la sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine. Mshindi angepata nafasi kwenye shule ya ufundi Kigali.

Nikasema miezi miwili. Wale wa Nyamyumba huondoka mapema, wafike kwao kabla ya giza. Ukiwapa wiki mbili wataunda saa ngapi, usingizini?

Mwenzangu wa fizikia akaruka: "Miezi miwili? Bon, wababa watavuka mpaka pale Grande Barrière, watarudi na mashine nzima kutoka Goma!"

Alisema kweli, na hilo likaniudhi zaidi. Basi nikatunga kanuni mwenyewe: miezi miwili, ila kila kitu kiundwe shuleni na kifungwe kabatini, ufunguo shingoni mwangu. Wakakubali. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mwezi wa pili wa kuunda, vita vikafunga barabara ya Nyamyumba. Watoto wa Nengo, hapa mjini, waliendelea kuunda. Binti wa muuza samaki mmoja wa Nyamyumba, fundi kuliko wote, hakuweza kuja. Kimashine chake kilibaki na gurudumu moja. Kila nilipofungua kabati nilikiona, nikajiona nimefungwa pamoja nacho.

Asubuhi ya mashindano barabara ikafunguka. Akaja na kitu ndani ya kitenge, magurudumu yake maboya ya nyavu.

"Madame, niliona hakuna njia, nikatengeneza ingine ku nyumba. Iko inatembea muzuri."

Yewe, ilitembea! Mwalimu mkuu akanitazama. "Kanuni ni yako, mwalimu."

Nilishikwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani. "Ya nyumbani haihesabiwi," nikasema, "lakini muda haujaisha. Naongeza wiki mbili, kwa wote." Watoto wa mjini wakazomea. Binti akacheka kwa furaha, akanikabidhi ile ya maboya.

"Iweke, Madame. Nitakuwa naiangalia nikimaliza ile ya hapa."

Nikaifungia. Jumatatu barabara ikafungwa tena. Wiki mbili zikaisha, mshindi akaenda Kigali, nami nikabaki na mashine zote mbili za binti yule kabatini.