Hatua za Jumapili

Mume wangu alipokwenda kufanya kazi Walikale, tuliweka kwenye simu zetu aplikasiyo ya kuandikia kila jambo jipya la mtoto, ili baba yake asipitwe. Mwandishi nilikuwa mimi: jino la kwanza, neno la kwanza. Kila asubuhi nilipanda pikipiki kwenda kuuza maziwa Kitshanga, na mtoto akabaki Mweso na mama mkwe.

Jumapili moja nilipokuwa nyumbani, mama mkwe alimsimamisha mtoto uani, akapiga vigelegele: "Ona! Njo leo anaanza kutembea!" Mtoto akanijia kwa hatua chache, akaangukia mikononi mwangu. Nililia. Nikaandika tarehe, nikatuma picha Walikale.

Kesho yake nilimsimulia jirani yetu, akacheka. "Jana gani, mama? Mutoto yako iko anatembea tangu juma ilipita. Anakuya kwangu kila siku kufukuza kuku."

Nilipomuuliza, mama mkwe hakukana. "Nilitaka na wewe uone ya kwanza," alisema. "Kila nikisikia pikipiki, ninamukalisha."

Nani alimtuma? Nilimwachia mwanangu kutwa nzima, yeye hakuniachia hata ukweli. Majirani wote walijua, mimi nikishangilia marudio kama mjinga.

Jioni iliyofuata nilishuka pikipiki mbali ili isisikike, nikaja kwa miguu. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni peke yake, ameshika gunzi la mahindi. Bibi yake hakuwa karibu. Nikamwita. Alinitazama, akacheka, akakaa chini mwenyewe, kama aliyesikia pikipiki.