Kikonyo Nyuma ya Koti

Katika nyumba ya Gati, pale Machochwe, kulikuwa na mmea uliotambaa ukutani kama mgeni aliyekwisha kuzoea. Nje usingedumu, mbuzi wangeumaliza asubuhi moja. Marehemu mumewe, Heche, aliutoa hotelini alikokuwa akitunza bustani, kipande tu ndani ya kopo la rangi, akaufungia kamba kutoka dirishani. Kila mwaka ulitoa vichala vya maua madogo kama nyota za nta. Jioni yalinukia hata moshi wa jikoni ukaona haya.

Heche alipofariki, siku ya kuondoa msiba Gati alinyolewa nywele, kama desturi. Aliporudi ndani aliuona mmea, vikonyo vikavu vya maua ya zamani bado vimeung'ang'ania. Akachukua wembe.

"Na wewe ni mfiwa," akauambia, akavinyoa vyote.

Nywele ziliota. Maua hayakurudi.

"Wifi, huo ulikufa na mwenyewe," Mokami, dada yake Heche, hakuchoka kumwambia. "Sasa unafuga nyoka wa kijani. Nipe, mbuzi wangu wale."

"Bado," Gati alijibu. Lakini mvua zilikuja zikapita, na hiyo "bado" ikaanza kuishiwa nguvu. Mwishowe akakubali: Mokami aje auchukue, pamoja na koti la Heche, mwanawe apate la kuvaa.

Mokami aliingia na kicheko. "Leo nyoka anahama!"

Gati akalishusha koti kwenye msumari ukutani, katikati ya majani ya mmea. Tangu msiba hakuwa ameligusa. Akabaki amesimama.

"Nini, wifi? Panya?"

Nyuma ya koti, mahali wembe haukufika, kikonyo kimoja cha zamani kilikuwa kimebaki, na kwenye ncha yake ileile kichala kilikuwa kimechanua. Mfukoni mwa koti mlikuwa na maua makavu ya miaka iliyopita, yaliyodondokea humo. Kumbe jioni nyingine, aliponusa harufu ya maua akadhani ni kumbukumbu tu, lilikuwa ua hili.

"Ua linarudi kwenye kikonyo kilekile lilipochanua," Gati alisema polepole. "Mimi ndiye niliyevikata vingine vyote."

Mokami akainamisha pua karibu na ukuta.

"Koti chukua," Gati akamwambia. "Mmea unabaki hapa. Na wembe hautaugusa tena."

"Haya," Mokami akahema. "Mbuzi wangu watanisamehe."