Jumapili Tuliyoacha Vichanja Wazi

Siku yangu ya kwanza ya kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, huko Muhuta, niliambiwa nitandaze, nami nikapanga. Nilimlaza samaki mmoja mmoja, vichwa vyote upande wa ziwa, mpaka mkuu wetu akasimama nyuma yangu.

"We mutoto, unaanika ao unazika?"

Wanawake wakacheka. Nilienda kulia nyuma ya mitumbwi, kisha nikarudi nikapanga tena. Ndivyo nilivyo. Sijui kufanya kitu nusu, na tabia hiyo imeninyima usingizi tangu utoto.

Wadogo zangu mnaoanza sasa, kazi yenyewe ni hivi. Kichanja ni meza ya miti yenye wavu wa waya juu yake, ili upepo upite chini na samaki akauke bila mchanga. Unatandaza mapema, unageuza jua linapokaza, na macho hayaachi milima. Chini ya kichanja kuna bashi, yaani turubai la plastiki, limekunjwa tayari. Ndagala aliyekauka nusu akinyeshewa, kesho yake hata bata anamkataa.

Kutoka Muhuta nilihamia Rumonge, chini ya mwanamke tuliyemwita Mama Shefu. Alikuwa mkuu wa vichanja na pia shemasi wa kanisa letu, sisi tuliotoka Kivu Kusini. Kazi aliijua, siwezi kumnyima hilo. Jumapili mmoja wetu alibaki zamu, na mara nyingi alikuwa mimi, kwa sababu kanisani nilitazama dirisha kuliko mhubiri. Niliiona hofu hiyo ya mvua kuwa dhambi. Nilimwomba Mungu aniondolee, na kila nilipofumba macho niliona wingu.

Halafu ikaja Jumapili hiyo. "Leo hakuna zamu," Mama Shefu alisema. "Bashi zikae chini. Watu wa sokoni wanasema Mungu wetu anategemea plastiki. Leo wataona."

"Mama, wingu iko kule milimani."

"Wingu iko ya nani?"

"Ya Mungu!" akaitika Dafroza, mwenzangu wa kichanja cha jirani, na wengine wakampigia vigelegele. Nikawafuata kanisani.

Mvua ilipiga mabati katikati ya mahubiri. Hakuna aliyeinuka. Mama Shefu alipandisha sauti ya wimbo, nami nikashika benchi kwa mikono miwili, nikiwaona ndagala wetu wote akilini, nikabaki nimekaa.

Tulipotoka tukashuka ufukoni, samaki walikuwa uji. Ila vichanja vya nyuma vilikuwa vimefunikwa, mawe juu ya kingo. Bibi Zaina, jirani yetu Mwislamu anayeuza mawese, alisimama pale amelowa mpaka kwenye mtandio.

"Nilifunika nilipofika," alisema. "Mikono ni miwili tu. Nyinyi mulikuwa wapi, kanisa nzima?"

Hakuna aliyemwambia hata murakoze, asante tu. Mama Shefu alinigeukia.

"Iko mutu alileta mashaka ndani ya ibada. Tulimuona na dirisha yake. Piga magoti, uombe Mungu musamaha mbele ya wenzako."

Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo naandika. "Sipigi," nilisema. "Mungu alikuwa hapa anatufunikia samaki, na hamujamushukuru."

"Sasa huyu ndiye Mungu wako?"

"Ee jamani," Bibi Zaina akadakia, "musinitie mimi huko. Mimi nauza mawese."

Nilifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Ndiyo, nimestaafu bila hata unywele mmoja mweupe. Sasa nauza mawese mezani kwa Bibi Zaina. Na nasema wazi: walinidanganya. Walinifundisha kwamba kumwamini Mungu ni kukunja mikono, na kwamba anayetazama anga mara mbili amemtukana. Miaka yote nilitubu kwa ajili ya macho aliyonipa mwenyewe! Hofu ningali nayo. Nasali nayo, nikipima mafuta, nikifunga vidumu. Simwombi tena Mungu aje, namwomba nisimpite.

Kanisani bado naenda, nakaa nyuma. Mama Shefu hakurudisha zamu, maana kurudisha kungekuwa kukiri. Jumapili iliyopita radi ilinguruma wakati wa maombi. Niliinuka. Benchi lililia, naye Mama Shefu akafumbua macho.

"Kaa chini!"

Nilitoka mbio mpaka vichanjani. Nilianza na kichanja chake, na ningependa kuwaambia nilifanya hivyo kwa upendo, lakini ilikuwa hasira tupu. Upepo ulininyang'anya bashi, nikaivuta, ukaninyang'anya tena. Mara upande wa pili ukakaza. Dafroza alikuwa ameushika, kitenge chake cha ibada kimeingia matope, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Vuta."