Jiwe Lililoelea Katika Karai la Mama

Baba yangu alizaliwa Malinya, mama yangu Butere; andika hivyo kwanza, mjukuu wangu, na uketi wima. Mimi ni binti yao wa kwanza. Miwa ilipoanza kuleta fedha, baba alimpeleka shule mdogo wangu. Mimi nilibaki na jembe, na kila jioni nilimsugua mama visigino kwa gunzi la mahindi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu na mama. Hakumpa mwingine miguu yake.

Likizo moja mdogo wangu alirudi kutoka ziara ya shule katika Bonde la Ufa, akamletea mama jiwe la kijivu lenye matundu mengi. Alilitia ndani ya karai la maji, likaelea. Mama akapiga makofi kama mtoto. Mimi hakuwahi kunipigia makofi.

“Limetoka tumboni mwa volkeno,” mdogo wangu alisema. “Chini sana ardhini mwamba huyeyuka, ukiwa na gesi iliyobanwa ndani yake. Huwa mwepesi kuliko miamba inayouzunguka, kwa hiyo hupanda. Ukikaribia juu, uzito unaoukandamiza hupungua, gesi hugeuka mapovu, mapovu hutanuka. Ukiwa majimaji, hutiririka tu. Ukiwa mzito, mapovu hukosa njia, hadi mlima unalipuka.”

“Kama sukari guru jikoni,” mama akasema. “Maji ya miwa yakiwa mepesi hutoa mvuke tu, yakiwa mazito huruka na kuchoma watu.”

“Hasa, mama! Na jiwe hili ni povu lililoganda.”

Hata sukari guru, niliyoikoroga mimi, sasa ilikuwa yao wawili.

“Basi, mwalimu,” nikamwambia, “njoo ukoroge.”

“Dada, wewe nawe utalipuka.” Wakacheka wote wawili.

Jioni mdogo wangu alipiga magoti mbele ya karai, akamsugua mama visigino kwa jiwe lile kama anayeparuza sufuria. Mama akauvuta mguu wake. “Mpe dada yako.”

Nikalipokea. Lilikuwa bora kuliko gunzi, jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilimsugua nalo hadi mwisho wa maisha yake, na kila mgeni aliposifu visigino vyake, mama alijibu, “Ni jiwe la mwanangu msomi.”

Limo chunguni, nyuma ya mlango. Lihifadhi. Wajukuu wa mdogo wangu wakija, waonyeshe linavyoelea, waeleze jinsi mlima unavyolipuka, kisha ulirudishe mahali pake. Usiwape. Na hapo ulipoandika miguu ya mama, hakikisha umeandika mikono ilikuwa ya nani.