Mrija uliochomekwa kwenye paa

Mume wangu alipokwenda vitani na mgambo wenzake, nilibaki kwa mama yake, katika kijiji cha ujamaa huku Ngara, nikiwa na mimba ya kwanza. Muuguzi wa zahanati alituambia wajawazito tusinywe pombe kabisa, kwa sababu anachokunywa mama kinamfikia mtoto. Mimi nilikuwa nimekwisha kunywa kwenye arusi ya jirani, kabla sijajijua kuwa nina mimba. Kila mara mtoto alipotulia tumboni niliikumbuka arusi ile.

Jumapili moja pombe ya ndizi ya mama mkwe iliiva. Kwetu chungu huwekwa katikati na kila mtu huwa na mrija wake. Anayekataa ni kama amesema mwenye nyumba ametia sumu. Sikuthubutu kukataa mbele ya watu. Nikatia mrija mdomoni, nikauziba kwa ulimi.

"Mrija wako umeziba?" mama mkwe akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Mbona koo halichezi?"

Watu wakaacha kunywa. Kwa sauti ndogo nikayasema maneno ya muuguzi.

"Nimezaa saba, na wote niliwabeba nikinywa," alisema. "Mume wako ni mmoja wao. Ni mjinga?"

"Si mjinga," akadakia jirani yetu, mama mmoja mcheshi. "Ila alikwenda vitani kabla hajaitwa."

Wakacheka. Mama mkwe hakucheka, wala hakunisemesha tena mpaka wageni walipoondoka. Nilijua kesho yake atanirudisha kwetu.

"Muuguzi alisema pombe inaua mtoto?" aliniuliza tulipobaki wawili.

"Alisema inaweza kumdhuru."

Akautazama mrija wangu. "Wawili kati ya wale saba niliwazika wachanga."

Aliuchomoa mrija wangu chunguni, akaufuta kwa jani, akauchomeka kwenye nyasi za paa, kando ya ule wa mwanawe, uliokaa pale tangu aende vitani.

"Utaunywea ukishajifungua."

Nilijifungua msichana kabla vita havijaisha. Tulimpeleka mlangoni penye mwanga, tukamkagua kidole kwa kidole, macho, masikio. Hatukuona kasoro. Mama mkwe akanyoosha mkono kwenye paa.

"Mama, ananyonya," nikasema.

Mkono ukabaki juu. "Muuguzi amekataza na hilo?"

"Sikumuuliza."

Akaushusha mkono mtupu.

"Kamuulize," alisema, akimtazama mtoto. "Na umuulize pia kuhusu wale wangu wawili."