Kijiti cha Pamba Kinywani mwa Mjomba

Kisahani nambari saba cha kuoteshea vijidudu kilinuka hadi wanafunzi wawili wakatoka maabara wameziba pua.

Ndani yake walikuwa wameota bakteria wa kinywa cha mjomba wangu.

Mjomba, aliyenilea, ni fundi viatu. Alikuwa akivuta sigara tangu kabla sijazaliwa, na akiwa kazini alikuwa akibana misumari midogo mdomoni. Nilipotakiwa, kwa zoezi la maabara, kumpangusa mvutaji kinywa kwa kijiti cha pamba, nilidhani atakataa.

"Njoo, daktari wangu," alisema, akatema misumari kiganjani. "Ila usizimie."

Akapanua kinywa.

Loo! Meno ya kahawia, ufizi uliovimba, utando wa njano kama mafuta yaliyoganda. Harufu ya majivu na kitu kilichooza. Nikabana pumzi, nikafumba macho, nikapangusa chapuchapu.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona uchafu! Hivi mswaki unaujua kwa sura tu?"

Akacheka kidogo. Akarudisha misumari mdomoni.

Siku tatu baadaye, mwalimu wa maabara alisoma fomu yangu.

"Umeandika pamba ilikuwa na damu. Ilitoka wapi?"

"Labda msumari ulimchoma. Ni fundi viatu."

"Kidonda ulikiona?"

"Hapana. Nilifumba macho."

"Sikiliza, binti. Moshi huumiza kinywa na kuwapa nafasi bakteria wabaya, nao huchochea uvimbe. Mchango wao katika saratani bado unachunguzwa. Wa sigara hauna mjadala. Kidonda kikipita wiki mbili, mtu apimwe."

Nilikwenda mbio kibandani kwa mjomba.

"Mjomba, panua kinywa tena."

Nikamulika kwa simu. Pembeni mwa ulimi, kwa chini: kidonda chenye kingo ngumu, cheupe kwa chekundu, kinachovuja. Safari hii sikufumba macho.

"Kina muda gani?"

"Miezi mitatu. Nilijidanganya ni msumari."

"Mbona hukuniambia?"

"Unadhani kwa nini nilikubali kijiti chako? Niliona aibu kusema, nikataka ukione mwenyewe. Nikakuuliza, umeona? Wewe ukanitajia mswaki."

Nikampeleka hospitali. Ilikuwa saratani. Walimkata kipande cha ulimi. Sasa anaongea kwa kitembe, sigara ameacha, misumari anaiweka kwenye kopo.

Wavutaji, acheni, nawasihi. Nasi tunaojiona wasafi, mpendwa wetu akinuka kinywa, tusigeuze uso. Kinyaa changu kilikaribia kumuua mtu ambaye, nilipokuwa mtoto, alinifuta matapishi bila kukunja pua.