Fundi Anayesema Njoo Wiki Ijayo

Shangazi yangu haamini mtu, na mimi simlaumu. Alishonea watu nguo tangu sijazaliwa, mpaka wateja wakahamia kwenye nguo za dukani. Ikabaki cherehani. Akiiuza angepata ada ya kujifunza ufundi mwingine, mara moja tu. Akikosea kuchagua, hana cherehani wala kazi.

Sijui nani aliwapa habari watu wa chuo cha kompyuta, ila haukupita muda akaja kijana wao, tai shingoni, kutuambia kompyuta ndiyo inayotakiwa sokoni.

"Kama inatakiwa hivyo, mwanangu," shangazi akamuuliza, "mbona unazunguka juani na vipeperushi?"

Kijana akacheka. Shangazi hakucheka. Kijana alipoondoka, shangazi akafunga mlango na kusema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Kesho yake akanikokota mjini, akijifanya mteja. Kwenye duka la kompyuta walimvutia kiti na kumwamkia kwa pamoja. Saluni, wasusi nusura wamgombanie.

"Wanaokuchangamkia hivi wana njaa," aliniambia njiani. "Najua. Hata mimi siku hizi mteja akiingia namfutia kiti."

Kwa fundi friji hakuna aliyemwangalia. "Acha hapo, mama, njoo wiki ijayo," sauti ilitoka ndani ya friji. Nikadhani nimepata ahueni, tutarudi nyumbani. Wapi! Shangazi alishuku huenda ni mvivu tu. Tukaketi kwenye kibaraza cha ng'ambo tukimpeleleza. Watu walikuja, wakafoka, wakamwita mwongo, kisha wakamwachia friji zao.

"Wanamtukana na bado wanarudi," akasema polepole. "Hapo kuna kazi."

Siku cherehani ilipobebwa, shangazi alijifungia chumbani akalia. Mimi nilikasirika. Niliona mtu mzima anacheza kamari na mkate wake kwa sababu ya fundi mmoja asiye na adabu.

Juzi friji yangu iligoma. Nikaipeleka kwenye kibanda cha shangazi, ambako siku hizi unapita upande upande, friji za watu zimeziba njia. Nilimkuta kapiga magoti, bisibisi mdomoni. Aliitoa, lakini hakugeuka.

"Acha hapo. Njoo wiki ijayo."

"Shangazi, ni mimi, mtoto wa kaka yako."

"Nimekujua. Wengine nawaambia mwezi ujao."